UZI: Ajira ya mwanamke katika mbio za baiskeli za barabarani – mkataba, chakula, kiti na kazi isiyoonekana kwenye matokeo

#1 Gia_Ndogo

Wakuu, swali linalorudi kila msimu ni hili: msichana ana miguu, afanye nini ili alipwe? Majibu mengi huishia kwenye wati, yaani nguvu unayosukuma kwenye pedali. Wati zinakufikisha mlangoni. Kukaa ndani miaka miwili au kumi na mitano kunategemea karatasi uliyosaini, chakula unachokula, na jinsi unavyowatumikia wenzako siku ambayo jina lako halitatajwa popote.

Kwanza ngazi zenyewe. Juu kabisa zipo timu za WorldTeam za wanawake, zisizozidi 15. Tangu 2025 kuna ngazi ya kati ya ProTeam, na chini yake timu za kontinentali, kisha klabu. Kalenda kuu, Women's WorldTour, ilianza 2016 badala ya Kombe la Dunia la zamani. Baadaye mbio kubwa zikaongezeka: Paris–Roubaix ya wanawake 2021, Tour de France Femmes 2022. Kazi zimekuwa nyingi kuliko zamani, ila nafasi za WorldTeam bado ni chache mno ukilinganisha na wanaozitaka.

Timu haiangalii ushindi peke yake. Inaangalia pointi za UCI (shirikisho la baiskeli la dunia), mafaili ya mita ya nguvu kutoka kwenye mbio halisi, na ulikuwa nafasi ya ngapi kwenye kundi kilomita tano kabla ya kilima cha kuamua. Kwa hiyo barua pepe ya kuomba nafasi iwe ukurasa mmoja: matokeo matatu bora na daraja la mbio hizo (1.2, 2.2, 1.1: namba ya kwanza, 1 ni mbio za siku moja na 2 ni za hatua; ya pili ni ngazi, ndogo ndiyo ya juu), uzito wako na nguvu ya dakika 5 na ya dakika 20, kila namba na tarehe yake, faili moja la mbio ngumu, na sentensi mbili za kazi unayoiweza: kuvuta kwenye tambarare, kupanda, kumvutia mwenye sprinti mpaka karibu na mstari wa mwisho. Itume Mei au Juni. Usajili hutangazwa kuanzia 1 Agosti, lakini ikifika tarehe hiyo timu nyingi zimeshamaliza kuchagua.

Kosa linalowaangusha wengi ni kutuma namba za mazoezi ya ndani. Wati 280 kwa dakika 20 ukiwa umepumzika si sawa na wati 280 baada ya saa tatu za mbio. Ya pili ndiyo wanayoitafuta. Andika kabisa: "dakika 20 baada ya kilojuli 1,800", yaani baada ya kufanya kazi kiasi hicho.

#2 Tairi_Jipya

Asante mkuu. Je, mtu aliyeanza baiskeli akiwa na miaka 24 au 25 bado ana nafasi, au treni imeshaondoka?

#3 UpepoWaPembeni

@Tairi_Jipya nafasi ipo, na kumbukumbu zinaonyesha. Annemiek van Vleuten alikuwa mchezaji wa soka kabla goti halijamsukuma kwenye baiskeli, na alishinda Tour de France Femmes ya 2022 akiwa na miaka 39. Kristen Faulkner alikuwa mpiga makasia chuoni, akaanza kujifunza baiskeli ya barabarani 2017 huku akiwa na ajira nyingine kabisa, na 2024 akachukua dhahabu ya Olimpiki Paris kwenye mbio za kilomita 158. Neve Bradbury alipata mkataba kupitia Zwift Academy ya 2020, yaani mashindano ya kuchuja watu kwa baiskeli ya ndani.

Ila wanaochelewa huwa na moyo na mapafu mazuri na mikono mibovu. Hawajui kukaa sentimita 30 nyuma ya gurudumu la aliye mbele yao, hawajui kugusana mabega, wanashika breki katikati ya kona. Matokeo yake kila kona wanaachwa urefu wa baiskeli mbili tatu, kisha wanalipa kwa sprinti ya sekunde 10 ili kurudi. Kona 60 ni sprinti 60. Mtu anadhani hana miguu, kumbe miguu imeliwa na kona.

Fanyeni hivi mara mbili kwa wiki, dakika 40, kwenye nyasi au uwanja wazi: kuendesha wawili ubavu kwa ubavu mkigusana viwiko kisha mabega, kugusisha tairi lako la mbele kwenye tairi la nyuma la mwenzako kwa mwendo wa kutembea, mpaka mwili uache kushtuka, kuokota chupa chini bila kusimama, kuvua na kuvaa koti la mvua mikono ikiwa imeachia usukani. Kwenye kuteremka: breki zote kabla ya kona, pedali ya nje chini na uzito wote juu yake, macho kwenye njia ya kutokea. Ukijikuta unashika breki ndani ya kona, uliingia kwa kasi mno. Punguza mapema zaidi raundi inayofuata.

#4 MkatabaKwanza

Nashika upande wa karatasi, maana hapo ndipo wasichana wanaumizwa zaidi kuliko kwenye lami.

UCI ilianzisha kima cha chini cha mshahara kwa WorldTeam za wanawake mwaka 2020: euro 15,000 kwa mwaka. 2021 kikawa 20,000, na 2022 kikawa 27,500. Kimeendelea kupanda. Hizo ni namba za mwajiriwa. Ukisainiwa kama mtu aliyejiajiri, kima kinazidishwa kwa asilimia 164, kwa sababu bima, pensheni na kodi unabeba mwenyewe. Ndiyo maana 2020 aliyejiajiri alipaswa kulipwa si chini ya 24,600. Ukiona umeandikwa "mkandarasi huru" halafu namba ni ile ya mwajiriwa, umepunjwa zaidi ya theluthi. Usisaini kabla haijarekebishwa.

Timu za kontinentali hazibanwi na kima hicho. Huko kuna wanaolipwa vizuri, kuna wanaopewa baiskeli, nguo na gharama za safari tu, na kuna wanaotakiwa hata kununua vifaa. Kabla ya kusaini uliza, na majibu yawe kwa maandishi:

- Nani analipa tiketi ya kutoka kwako mpaka kambini, ikiwemo kambi ya Desemba?
- Bima ya ajali inahusu siku za mazoezi, au siku za mbio pekee? Ajali nyingi hutokea mazoezini.
- Bima ya kurudishwa nyumbani ukiumia nchi nyingine ipo? Kiwango chake cha juu ni kipi?
- Zawadi za mbio zinagawanywaje? Desturi ni kuziweka kwenye chungu kimoja na kugawana na wenzako pamoja na wahudumu na mafundi. Hilo ni sawa, lakini asilimia iandikwe.
- Baiskeli inarudishwa lini? Usijikute Oktoba huna chombo cha mazoezi.
- Mshahara unaingia tarehe gani? Mkataba unaosema "kila robo mwaka" unakufanya uikopeshe timu miezi mitatu.

Mikataba huisha 31 Desemba. WorldTeam hutakiwa kuweka dhamana ya benki kwa ajili ya mishahara ya waendeshaji na wahudumu. Mshahara ukichelewa, dai kwa maandishi tangu mwezi wa kwanza. Wanaonyamaza mpaka timu ifungwe huishia kushindana na wadai wengine wengi kwa dhamana ileile.

Uzazi: mkataba wa WorldTeam una likizo ya miezi mitatu kwa mshahara kamili na miezi mitano mingine kwa nusu. Lizzie Deignan alijifungua Septemba 2018, akarudi kwenye mbio Aprili 2019, na Juni mwaka huohuo akashinda Women's Tour, mbio za hatua za Uingereza. Kikwazo ni urefu wa mkataba. Ukiwa na wa mwaka mmoja, likizo inaisha pamoja nao. Anayepanga kupata mtoto aombe miaka miwili au mitatu, hata kama mshahara utapungua kidogo.

Na msipimie kazi hii kwa zawadi. Deignan alishinda Paris–Roubaix ya kwanza ya wanawake 2021 kwa kutoroka peke yake zaidi ya kilomita 80, na zawadi rasmi ilikuwa euro 1,535. Ya wanaume ilikuwa 30,000. Lile lilikuwa jambo la aibu na ni haki kulisema. Nyumba inaendeshwa na mshahara.

#5 Lishe_Barabarani

Sasa chakula, na naomba msome polepole, kwa sababu hapa ndipo vipaji vinapozikwa.

Chukua mwendeshaji wa kilo 55, mafuta ya mwili asilimia 18. Mwili usio na mafuta ni kilo 45. Hatua ya saa tatu na nusu kwa wastani wa wati 170 ni kilojuli 2,140 hivi, na kwa hesabu ya haraka hizo ni karibu kilokalori 2,140 alizotumia. Mwili wake unahitaji takriban kilokalori 45 kwa kila kilo isiyo na mafuta kwa kazi za ndani: homoni, mifupa, kinga, joto. Hiyo ni 2,025. Jumla ya siku: karibu 4,170. Akila 3,000 akaridhika kwamba "amekula sana", mwili umebakiwa na 860, yaani 19 kwa kilo. Chini ya 30, mwili unaanza kuzima mitambo. Hali hiyo, kamati ya tiba ya IOC (Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki) iliipa jina 2014, na kifupi chake kinachotumika ni RED-S, yaani upungufu wa nishati kwa mwanamichezo.

Dalili huja kwa mpangilio unaodanganya. Wiki za mwanzo unakuwa mwepesi na unapanda vizuri, kila mtu anakusifu. Baadaye usingizi unavurugika, mikono inakuwa baridi, mafua hayaishi, mapigo ya moyo hayapandi hata ukisukuma. Hedhi inapotea. Ikikosekana miezi mitatu mfululizo, muone daktari wa michezo wiki hiyohiyo. Na anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango ajue kwamba damu inayotoka kwa ratiba ya vidonge haithibitishi chochote. Inaweza kuficha tatizo mwaka mzima.

Mifupa ndiyo inayodaiwa mwisho. Baiskeli haibebeshi mifupa uzito wa mwili, kwa hiyo mwendeshaji tayari yuko nyuma ya mkimbiaji. Ongeza njaa, unapata nyonga na uti wa mgongo wa bibi kizee katika mwili wa miaka 26, na mchezo huu una kuanguka. Mazoezi ya vyuma mara mbili kwa wiki na kuruka kamba dakika chache husaidia, lakini hayalipi deni la chakula.

Ndani ya mbio: gramu 60 za wanga kwa saa siku nyepesi, 80 hadi 90 siku ngumu. Wanaofika 120 walizoeza tumbo wiki kadhaa. Ukivuka 60, changanya glukosi na fruktosi kwa uwiano wa 1 kwa 0.8, maana kila moja ina mlango wake wa kufyonzwa. Glukosi tupu kwa wingi hubaki tumboni, inavuta maji, unatapika kwenye kilima cha mwisho. Anza kula dakika ya 20. Anayesubiri njaa ameshachelewa.

#6 Kilima_Kirefu

Lishe, nakubali mengi, ila tuwe wakweli: kwenye mlima mrefu kilo moja ni kilo moja. Kasia Niewiadoma alishinda Tour de France Femmes ya 2024 kwa sekunde 4. Huwezi kumwambia mpandaji uzito hauna maana.

#7 Lishe_Barabarani

@Kilima_Kirefu sijasema hauna maana. Tuifanyie hesabu. Kilo 55, wati 275 kwenye mlima: wati 5 kwa kilo. Ukipunguza kilo moja na nguvu ikabaki ileile, unapata 5.09. Lakini kilo hiyo ikitoka kwa njaa, kupoteza wati 10 ni jambo la kawaida, na sasa una 265 kwa 54, yaani 4.91. Umefanya kazi ya miezi miwili kurudi nyuma.

Anayetaka kupungua afanye hivyo Novemba na Desemba, nakisi isizidi kilokalori 300 kwa siku, kamwe si siku ya mazoezi magumu, na asimamiwe na mtaalamu. Msimu ukianza, mizani iwekwe kando. Timu inayopima wasichana uzito mbele ya wenzao kila wiki inazalisha wagonjwa. Hapo sitalegeza.

Damu pia: feritini (akiba ya chuma mwilini) ipimwe mara tatu kwa mwaka. Ikiwa chini, chuma humezwa asubuhi pamoja na vitamini C, siku moja ndiyo moja hapana, mbali na chai, kahawa na maziwa. Saa chache baada ya mazoezi makali homoni ya hepsidini hupanda na kufunga ufyonzaji, kwa hiyo kidonge cha jioni baada ya mazoezi kinapotea bure. Usimeze bila kipimo. Chuma kikizidi ni sumu kwa ini.

#8 FundiSpoki

Naingia na spana. Baiskeli nyingi zilibuniwa kwa mwili wa mwanamume wa wastani, kisha zikafupishwa tu.

*Kiti.* Vidonda na uvimbe wa sehemu za siri ni ugonjwa wa kazi. Wapo waliofanyiwa upasuaji kwa sababu walinyamaza. Pima umbali wa mifupa ya makalio (kalia kipande cha boksi la karatasi ngumu, pima katikati ya mashimo mawili), kisha chagua upana wa kiti kwa kipimo hicho, chenye mkato katikati. Pua ishuke nyuzi 1 hadi 3. Ikishuka zaidi unateleza mbele na mikono inakufa ganzi. Uvimbe wa upande mmoja mara nyingi unasema kiti kiko juu mno na nyonga zinayumba: shusha milimita 3, endesha siku tatu, kisha angalia tena. Kaptura ivuliwe mara baada ya mbio, usikae nayo ndani ya basi.

*Mkono wa pedali.* Mtu wa sentimita 162 akipewa 172.5 mm, goti linampiga kifuani akiinama. Mpe 165. Ukifupisha milimita 7.5, pandisha kiti milimita 7.5 vilevile. Mafundi husahau hatua hii, kisha mwendeshaji analalamika mapaja yanawaka na lawama inatupiwa mkono mfupi.

*Usukani.* Tangu 1 Januari 2026 UCI inataka upana usiopungua milimita 400, ukingo wa nje hadi wa nje. Kwa wenye mabega membamba hii ni kanuni mbaya, nasema wazi. Ukilazimika kupanua, mikono inanyooka zaidi. Punguza stemu (kipande kinachoshika usukani) milimita 10 na upime tena maumivu ya shingo baada ya saa tatu.

*Upepo wa tairi.* Hapa makosa ni mengi sana. Mwendeshaji wa kilo 55 na baiskeli ya 7.5, tairi la milimita 28 lisilo na tyubu: mbele bar 4.0, nyuma 4.2, lami kavu. Mvua, toa 0.4. Mawe ya Roubaix, milimita 30 au 32 na karibu bar 3. Fundi aliyezoea wanaume wa kilo 75 anamjazia 6, tairi linadunda badala ya kushika, na mtu anaanguka kwenye kona ambayo wenzake wamepita. Ringi zisizo na ndoano ukingoni zisizidi bar 5 kamwe: tairi linaweza kuchomoka.

#9 Tairi_Jipya

Nimejifunza mengi. @UpepoWaPembeni, Gia_Ndogo alitaja kuwatumikia wenzako. Msaidizi kwenye timu anafanya nini hasa?

#10 UpepoWaPembeni

Anafanya karibu kila kitu kinachofanya mtu mwingine ashinde.

Chupa: unarudi kwenye gari, unabeba nane za nusu lita. Hizo ni kilo nne mgongoni na kifuani, na inabidi ulipite kundi lote tena. Ujanja ni kwenda wakati kundi limelegea, au mara tu baada ya kilima, si kabla yake. Unapanda upande uliokingwa na upepo, unampa kiongozi wako kwanza.

Upepo wa pembeni: ukitoka kushoto, anayejikinga hukaa nyuma na kulia kwa mwenzake, na mstari unajipanga mshazari mpaka ukingo wa barabara. Barabara ikitosha watu 12, wa 13 yuko kwenye upepo mtupu. Kwa hiyo kazi yako ni kuhakikisha kiongozi yuko ndani ya 12 kilomita mbili kabla ya barabara kugeuka. Soma ramani usiku, andika kwenye kikaratasi cha stemu: "km 87, kulia, wazi". Ukianza kusogea baada ya kona, nafasi zimeisha.

Pancha au kuanguka: wa karibu mwenye urefu unaofanana anatoa gurudumu au baiskeli nzima. Wawili wanabaki kumrudisha, wengine wanaendelea. Tazameni hatua ya 5 ya Tour 2024. Demi Vollering alianguka akiwa na jezi ya njano ya anayeongoza, nje ya eneo la mwisho ambalo muda hulindwa. Blanka Vas wa timu yake alishinda hatua hiyohiyo, lakini Vollering alifika bila msaada wa kutosha, akapoteza jezi. Mwisho wa Tour tofauti ilikuwa zile sekunde 4. Nafasi ya kubaki na kiongozi haionekani kwenye matokeo, ila imebadilisha mshindi.

Ukiifanya kazi hii vizuri miaka mitatu, viongozi wenyewe watakuombea mkataba.

#11 MkatabaKwanza

Nyongeza fupi kwa wanaoingia orodha ya upimaji wa dawa: kila siku unaandika utakapolala na dakika 60 ambazo utapatikana. Makosa matatu ndani ya miezi 12 yanahesabika kuwa uvunjaji wa kanuni, hata kama mkojo wako ni safi. Weka dakika hizo alfajiri, saa 12 hadi saa 1, mahali unapolala. Ndege ikiahirishwa, badilisha kwenye simu kabla hujapanga foleni ya hoteli. Tramadol, dawa kali ya maumivu, ilikatazwa na UCI 2019 na WADA (shirika la dunia la kupambana na dawa michezoni) 2024, kwa hiyo ukilazwa baada ya ajali, jina la kila dawa liandikwe na daktari wa timu apigiwe.

#12 Gia_Ndogo

Na kwa kuwa ajali imetajwa: kichwa kikigonga chini, kofia ikapasuka au isipasuke, mwendeshaji asirudi kwenye baiskeli kwa sababu tu amesimama na anasema yuko sawa. Muulize tuko kwenye mbio gani, kilomita ngapi zimebaki, nani ameshinda jana. Angalia macho, mwambie asimame kwa mguu mmoja. Jibu moja likikosewa, au akiuliza swali lilelile mara mbili, siku yake imeisha. Baada ya hapo ni angalau saa 24 za kupumzika, kisha baiskeli ya ndani kwa mwendo mwepesi, kisha barabara peke yake, kisha kundi, na kila hatua isubiri hadi dalili zisirudi. Wasaidizi ndio wanaoificha zaidi, hasa Agosti, wakiogopa kupoteza mkataba. Mwenzako ukimuona anashika kichwa ndani ya basi, mwambie daktari usiku huohuo.